Kumuaga Mama Kavindu, Fundi Aliyemvisha Mbuzi Kitambaa

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Fundi Mwongeli Mbaluka, ambaye sote tunamwita Mama Kavindu, anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Pikipiki cha Usawa, hapa Mowlem, kwa miaka ishirini na saba. Mkurugenzi wetu, Bi. Filsan, aliniagiza mimi Mwanzia wa stoo niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la chuo. Akasisitiza niandike mafanikio, utani niuache stoo. Nimejaribu, Mungu ni shahidi. Lakini ukimwandika Mama Kavindu bila vituko, utakuwa umemwandika mtu mwingine kabisa.

Haya, tuanze na mafanikio. Mama Kavindu alizaliwa Shauri Moyo, kwenye nyumba za kaunsili, na babake alikuwa fundi wa stovu za pampu, zile za mafuta ya taa zilizokuwa zikinguruma jikoni kama lori. Kabla hajajua kuandika jina lake alikuwa anajua kuzibua stovu kwa sindano. Alipokuja kuomba kazi hapa mwaka 1998, mkurugenzi wa wakati huo alimuuliza kama amewahi kufungua kabureta. Akajibu kwamba hajawahi, ila kwa anavyoiona, kabureta ni stovu iliyofungiwa magurudumu, na kama kuna iliyoziba aletewe. Akaletewa. Kufikia saa ya chai pikipiki ilikuwa inanguruma, na yeye anauliza kabati lake la spana liko upande gani.

Unyenyekevu si kipaji chake na hajawahi kusingizia kuwa nao. Akitengeneza kitu, lazima wote tuitwe tukione, hata kama ni kukaza skrubu. Kwa upande mwingine, amefundisha mafundi wote tulio nao sasa, akiwemo Opicho anayechukua nafasi yake. Opicho mwenyewe anasema alifundishwa kwa upendo na kwa makofi ya mgongoni, na hana hakika ni kipi kilimsaidia zaidi.

Mbinu yake ya kwanza ya uchunguzi ni pua. Mwanafunzi akija anasukuma pikipiki iliyogoma, Mama Kavindu humnusa mkono wa shati kabla hata ya kuitazama injini. Mkono ukinuka petroli, basi kabureta inafurika na boya lake limekwama. Usiponuka kitu, petroli haifiki. Ukinuka manukato, mwanafunzi anaambiwa arudi kesho akiwa tayari kujifunza kazi. Vijana wakampa jina, Mathe wa Pua, yaani Mama wa Pua, lakini wakilitamka huangalia kwanza kama mlango wa karakana umefungwa.

Jina hilo halikudumu, maana lilikuja jingine lililomfaa zaidi: Mathe wa Vitambaa. Mama Kavindu hawezi kukaa na mikono mitupu. Saa ya chai anatoa sindano ya kroshia na uzi, na kufikia kikombe cha pili kuna kitu kimepata kitambaa. Birika lilikuwa na kitambaa. Redio ya stoo yangu ilikuwa na kitambaa cha maua ya zambarau, nami niliombwa maoni yangu kikiwa tayari kimevalishwa. Vaisi ya kubania vyuma ilikuwa na kitambaa. Pikipiki za wanafunzi zote zilivalishwa vya viti, na mgeni akiingia kwenye karakana alidhani amekosea njia akaingia sebuleni mwa Mama Kavindu mwenyewe, nyumbani kwake Mbotela.

Kulikuwa na sheria moja tu, nayo haikuandikwa popote kwa sababu haikuhitaji: mkono wenye grisi usiguse kitambaa cha Mama Kavindu. Ukigusa, unafagia uwanja mzima na yeye amesimama kando anakuonyesha majani uliyoyaruka. Mimi nimefagia. Bi. Filsan, wiki yake ya kwanza kazini, alisogeza kitambaa cha printa bila kujua, na nusura afagie.

Na kabla sijasahau, kuna ile harusi. Binti yake Kavindu alipokuwa anaolewa, padre alimaliza ibada akatoka, pikipiki yake ikakataa kuwaka. Mama wa bibi harusi, amevaa kitenge cha bei na kilemba, akatoa spana kwenye mkoba. Alifungua kabureta yote pale uwanjani, akaipanga kwenye leso, akapuliza kila tundu, maharusi wakimsubiri kwa picha. Alipoirudisha, wapi. Ndipo padre akakumbuka kwamba alikuwa amefunga koki ya petroli alipofika, kwa kuwa kuna fundi fulani, mwanamke, aliyemwonya kwa ukali kwamba asiegeshe kamwe pikipiki bila kuifunga. Fundi huyo alikuwa amesimama mbele yake na mikono myeusi. Kwenye picha ya familia, Mama Kavindu ameificha mikono nyuma ya bwana harusi.

Nimeitaja harusi kwa sababu. Mtaona.

Sasa tumfikie Mbuzi. Kwa wasomaji wetu wa nje ya chuo, Mbuzi ni pikipiki ndogo ya mashindano ya kupanda mawe na magogo, zile ambazo dereva anaendesha amesimama, polepole sana, na kuweka mguu chini ni kosa. Ni nyembamba, ni nyepesi, na haina kiti cha kusema. Tuliipata kuukuu muda mrefu uliopita, na tangu hapo kila mwanafunzi wetu amejifunza usawa wa mwili juu yake kabla ya kukabidhiwa pikipiki kubwa. Tulimwita Mbuzi kwa kuwa alipanda chochote. Mama Kavindu ndiye aliyemlea. Petroli alimjazia mwenyewe, mnyororo alimpaka mwenyewe, na ukitaka kumuudhi, mwite Mbuzi chombo.

Mwezi wa Agosti, Mbuzi akaanza kuugua. Akiwashwa asubuhi, vizuri. Anazunguka uwanja, anapanda gogo la kwanza, la pili, halafu akifika rundo la mawe la mwisho anakohoa, anapumua kwa shida, anazima. Nabiswa, mwalimu wetu wa usawa, ambaye ndiye humwendesha, alibaki amening'inia juu ya jiwe mara nyingi hadi majirani wa ghorofa ya pili wakaanza kutoa viti kwenye roshani wakati wa mazoezi.

Mbuzi alisukumwa karakana, na Mama Kavindu akafanya kila kitu kwa utaratibu, kama alivyotufundisha. Alimwaga petroli kwenye chupa ya maji inayoonyesha, akaiacha itulie, aone kama kuna maji chini. Hakukuwa na maji. Akafungua bakuli la kabureta, akasafisha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kwa sindano ile ile ya stovu ya marehemu babake, akalipima boya, akalitikisa sikioni. Liko sawa. Akaja stoo kwangu akachukua mpira mpya wa petroli na filta mpya. Akamaliza, akapiga kiki, na Mbuzi akanguruma pale karakana bila kupumzika hadi nikaomba azimwe, kichwa kilikuwa kinaniuma. Amepona. Tukaitwa wote kuja kuona.

Akarudi uwanjani. Gogo la kwanza, la pili, mawe, akazima.

Akarudishwa karakana. Mama Kavindu akabadilisha koki, akaja kwangu kuchukua mpira mwingine wa petroli, akiushuku wa kwanza. Mbuzi akanguruma bila shida. Akarudi uwanjani, akazima palepale. Mara ya tatu aliposukumwa, Mama Kavindu alibadilisha mpira kwa mara nyingine, nami nikamuuliza kwa heshima kama anafuga nyoka. Hakucheka. Mbuzi akanguruma tena karakana nzima, mzima wa afya, kama mtoto anayeacha kulia mara tu anapofikishwa kwa daktari.

Kwa Mama Kavindu, jibu likawa ni moja. Pikipiki ikiwa mikononi mwake inakwenda, na ikiwa mikononi mwa Nabiswa inazima, basi ugonjwa ni Nabiswa. Alimwambia hivyo mbele ya darasa. Alimwambia mkono wake ni mzito, anavuta mafuta kama mtu anayekamua nguo, na kwamba kwa jinsi alivyo, apewe mkokoteni. Nabiswa ni mtu mpole kutoka Bungoma, mshika dini, aliyefundisha usawa hapa kwa miaka mingi. Alianza kula chakula cha mchana peke yake nyuma ya choo, na darasani wanafunzi wakaanza kumwangalia mikono.

Wakati huohuo Bi. Filsan alikuwa na hesabu zake. Tusimlaumu, ndiyo kazi yake. Mbuzi ni mzee, vipuri vyake ni vya kuombea, na sasa hata uwanja hamalizi. Akatoa uamuzi: Siku ya Wageni, Jumamosi ya katikati ya Oktoba, Mbuzi amalize njia yote mbele ya watu. Akimaliza, atabaki. Asipomaliza, ataondoka siku hiyohiyo na mnunuzi wa vyuma kuukuu, ambaye ataalikwa. Mama Kavindu alisikiliza, akakunja uzi wake, akasema neno moja tu ambalo sote tulilisikia: "Sistaafu nikiacha Mbuzi kwenye mizani." Kisha akaingia karakana, akafungua kabureta tena.

Siku ya Wageni ilifika na jua lake. Wazazi walikuja, waendesha boda wa Umoja na Dandora walikuja, na chakula kilikuwepo, kwani Mama Kavindu alikuwa ameleta sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ya kutosha kijiji. Mnunuzi wa vyuma naye alikuja, mzee mmoja mwenye adabu, akaegesha mkokoteni wake karibu na lango na mizani juu yake, akapewa sahani kama wageni wengine. Mbuzi alitolewa karakana akiwa ameoshwa, anang'aa, amevaa.

Amevaa, nasema. Hapa lazima nieleze vizuri. Kwa kuwa alikuwa anastaafu, Mama Kavindu alikuwa ameamua tangu Agosti kuacha kila pikipiki na kitambaa kipya cha kumbukumbu. Zile nyingine zilipata vya viti. Mbuzi hana kiti cha kuvalishwa, basi yeye, Agosti hiyohiyo, akafumiwa cha tangi, rangi za chuo, bluu na nyeupe, na pindo lenye vishada. Na kwa kuwa petroli huchuruzika na mvua haina adabu, alikishonea nailoni kwa chini, aliyoikata kwenye godoro jipya, akatia lastiki pembeni ili kikamate sawasawa juu ya tangi, kifuniko na vyote. Kazi safi sana. Nilikisifu mimi mwenyewe. Kila Mbuzi alipoingia karakana, Mama Kavindu alianza kwa kukivua, akakikunja, akakitia mfukoni mwa aproni kisiingie grisi. Kila Mbuzi alipotoka, alimvalisha.

Najua mnaojua pikipiki mmeshaanza kushika vichwa. Sisi hatukushika. Sheria ni sheria, na hakuna aliyekigusa.

Nabiswa akapanda. Gogo la kwanza, makofi. Gogo la pili, vigelegele. Akaingia kwenye mawe, akapanda la kwanza, la pili, na juu ya jiwe la mwisho kabisa, mbele ya wazazi na waendesha boda na majirani wa roshani, Mbuzi akakohoa, akazima. Nabiswa akaweka mguu chini. Mnunuzi wa vyuma akaweka sahani yake chini taratibu, akafuta mikono, akaanza kusimama.

Mama Kavindu alitembea hadi pale. Tulidhani amebeba vyombo, lakini hakuwa na kitu mkononi. Alisimama mbele ya Mbuzi na mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, Mathe wa Vitambaa alikuwa analia mbele za watu. Akapapasa mfukoni kutafuta leso. Hakuna. Basi akanyoosha mkono, akavuta kitambaa cha Mbuzi ili afute machozi.

Pale chini ya kitambaa, nailoni ilikuwa imebonyea ndani kwenye kifuniko kama shavu la mtu anayenyonya mabuyu. Ilipobanduka, tangi likavuta hewa: fsssss. Kwa vile watu walikuwa kimya, hata mimi niliyekuwa karibu na muthokoi nilisikia.

Kila kifuniko cha tangi la namna hii kina kitundu cha hewa, kidogo kuliko punje ya mtama. Petroli ikishuka, hewa inaingia kuchukua nafasi yake. Ukikiziba, petroli inashuka kidogo, kisha inagoma, hata uweke kabureta mpya kila siku. Mama Kavindu ameyafundisha hayo somo la kwanza la kila muhula kwa miaka ishirini na saba, akitumia chupa na kidole gumba.

Alisimama na kitambaa mkononi, akakitazama mbele, akakigeuza nyuma. Akamwambia Nabiswa apige kiki. Mbuzi akawaka mara moja. Nabiswa akapanda jiwe la mwisho, akashuka upande wa pili, akazunguka, akarudia njia yote tangu mwanzo bila kuulizwa, na uwanja ukalipuka. Waendesha boda walipiga honi. Watu walianza kuambiana kwamba yule mama amemgusa tu, amemgusa mara moja tu na imewaka, kweli kuna mafundi na mafundi.

Hapo ndipo ningependa msome polepole. Hakuna mgeni aliyekuwa ameelewa. Mbuzi amepona, mnunuzi wa vyuma ameketi na anaongezewa muthokoi, na Mama Kavindu anashangiliwa kuliko siku yoyote ya maisha yake. Na mnajua anavyopenda kushangiliwa. Ilimtosha kunyamaza tu.

Aliinua kitambaa juu wakione wote. Akasema, kwa sauti ile ya darasani: "Mwalimu Nabiswa hana kosa. Mkono wake ni mzuri. Mimi ndiye niliyekuwa ninamziba Mbuzi pumzi, kwa kumvalisha kitambaa hiki."

Wa kwanza kucheka alikuwa Nabiswa. Alicheka akiwa bado juu ya Mbuzi, amesimama, bila kuweka mguu chini, na kwa kuwa alicheka yeye, sote tukapata ruhusa. Mama Kavindu mwenyewe alicheka mwisho, na muda mrefu kuliko sisi. Kisha akampakulia Nabiswa muthokoi kwa mkono wake, akamkalisha meza ya wageni, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona Nabiswa akila nyuma ya choo. Bi. Filsan alitangaza papo hapo kwamba Mbuzi habanduki hapa. Yeye pia alikuwa anafuta macho, ingawa anasema ni vumbi.

Ningependa kumalizia hapo, lakini Jumatatu yake tulikuta karakana iko uchi. Mama Kavindu alikuwa amefika mapema akavua vitambaa vyote, vya viti, cha birika, cha vaisi, cha printa, hata cha redio yangu. Tulimtuma Opicho akaombe virudishwe. Akajibiwa kwamba vimemwaibisha uzeeni na hataki kuviona. Wiki mbili sasa tunakunywa chai mahali panapofanana na karakana, na nakiri hatupapendi. Redio inasikika vilevile lakini siipendi ilivyo. Mbuzi naye yuko mtupu, na wanafunzi wanalalamika.

Mama Kavindu, sasa nakugeukia wewe mwenyewe. Chuo kinakushukuru kwa kila jeti uliyozibua, kila fundi uliyempiga kofi la mgongoni akawa mtu, na kila dereva anayefika kwake salama jioni kwa sababu ulimlazimisha asimame juu ya Mbuzi hadi magoti yakatetemeka. Nabiswa kaniomba niongeze shukrani zake peke yake, kwa maneno yale uliyosema ukiwa hulazimiki.

Ijumaa utakuta kiti chako cha mbele kimefunikwa kitambaa, bluu na nyeupe. Kimefumwa na Opicho, Nabiswa na mimi, stoo, mlango umefungwa, Kavindu akitufundisha na kutucheka. Upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Kuna alama ya kidole cha grisi, na kwa hiyo tayari tumefagia uwanja, hatukungoja utuambie. Bi. Filsan alipokiona akauliza kama matundu yote yale ni mtindo. Tukamwambia ndiyo, ni mtindo.

Nenda Mbotela ukapumzike, Mama, ule vizuri, uwafumie wajukuu, na ukipata uzi uliobaki, umfumie Mbuzi kingine. Na Ijumaa usikague kiti, keti tu. Hewa inapita.